Kapteni Swabir, Aliyepiga Hodi Angani

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage baada ya sala ya alasiri nyumbani Waa, na nyumba yako bado inacheka. Tulidhani kicheko kingeondoka nawe. Kumbe ulituachia, na mimi Twaiba, kifungua mimba wako, nimetumwa na wenzangu nikwambie hivyo.

Watu wa Waa walikuita Kapteni hata ulipokuwa umevaa kikoi na kubeba ndoo ya maji ya mbuzi. Ulirusha ndege za abiria karibu maisha yako yote, lakini nyumbani hukuiamini hata mashine ya kufulia nguo. Ulivuta kigoda ukakaa mbele yake, ukaitazama ikizunguka mpaka mwisho. Mama akiwasha birika la umeme, ulimuuliza, "Umewasha?" Akijibu amewasha, uliongeza, "Na nani mwengine ameona?" Basi ilikuwa lazima mmoja wetu aache shughuli zake aje aseme, "Nimeona, Baba." Mama alikwambia, "Swabir, hii ni chai, si ndege." Ulicheka mpaka ukatoa machozi, na kesho yake ukauliza vilevile.

Kazini ndivyo ulivyokuwa. Ulitueleza kwamba siku hizi rubani huiwekea mashine ya kujiendesha kimo cha kufika, nayo huipandisha ndege yenyewe hadi pale na kusimama, isipande tena, huku ndege nyingine ikipita juu yake kwa nafasi yake. Kuna wanaoiachia ipande mbio mpaka mwisho. Wewe uliipunguza kasi mapema, mkono ukiwa karibu na usukani, ukitaja kimo kwa sauti. Vijana uliowafundisha uliwaambia, "Nyumba ya mtu huiendei mbio ukaingia. Wasimama mbali, wapiga hodi. Na mashine haikulelewa Waa, hodi haiijui." Nasi tulijua hukuwa ukifanya mzaha. Hata kwa jirani yako Menza, uliyekua naye tangu utoto, ulisimama nje ya ua ukabisha hodi mara tatu. Asipoitika, ulirudi na samaki uliyempelekea, tukamla sisi.

Halafu kuna siku ya harusi yangu. Wakati huo tulikuwa tukiishi Nairobi kwa ajili ya kazi yako, na mimi nilitangulia Msambweni kwa bibi kutiwa hina. Wewe ulipangiwa kuleta ndege Ukunda asubuhi ile, basi wote wakapanda humo: Mama, wadogo zangu Suleiman na Ummi, na bwana harusi mwenyewe, Abdulrahim. Baba wa kuniozesha na mume wa kunioa mlikuwa ndege moja, na mimi nikiwaza maua ya nywele tu.

Mlifika salama. Mama alishuka akinung'unika kwamba mlipokuwa bado mnapanda, tumbo lilimruka hadi kooni na sanduku lake la halua likamwangukia miguuni. Wewe uliniozesha kwa sauti tulivu, ukala biriani sahani mbili, ukalala mkekani huku ngoma ikilia kando ya sikio lako. Hukutwambia kitu.

Tulikuja kujua siku ya hitima yako. Trevor, aliyekuwa rubani msaidizi wako safari ile, alikaa nasi akasema, "Ni mimi niligusa kitufe wakati mashine ilikuwa inajiandaa kusimama. Ikaacha kusimama, ikaendelea kupanda, na juu yetu kulikuwa na ndege inashuka. Mzee alikuwa ameshaona. Alisema tu hodi, akashika usukani akaturudisha chini. Ile ingine ikapita." Akasema mlipotua mliripoti kama kazi inavyotaka, na wewe hukumkemea, ulimwalika harusini.

Ndipo Mama akasema polepole, "Kumbe ndiyo halua yangu." Tukaangua kicheko sote, na maalimu aliyetusomea hitima akacheka, na machozi yakatutoka papo hapo.

Baba, nimekaa na jambo hili mwaka mzima. Naogopa nikilifikiria, kisha naona furaha isiyo na mfano, naenda kuwatazama waliokuwamo ndegeni mmoja mmoja bila kuwaambia sababu. Wananiona nimeanza wazimu.

Wanaokukumbuka leo ni mkeo Biasha, wanao Suleiman na Ummi, na mkweo Abdulrahim. Hao ndio abiria wako wa siku ile, Baba, na hakuna jina lililopungua. Nakukumbuka mimi niliyekuwa nikiwangoja. Na yupo mjukuu wako, Swabir mdogo, ambaye ameanza kutambaa juzi na hashikiki.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema. Sisi tupo, Baba. Na maadamu tupo, hutasahaulika.