Dainess wa Sabuni, Tuliyempigia Kura Arudi Nyumbani

Boti ilikuwa imekwisha kuacha ufukwe wa Mboko, kule Kongo, Dainess, nawe umekaa juu ya gunia la muhogo mkavu, unatazama nyuma. Mwaka umetimia tangu tukuzike, na kila nikitaka kukukumbuka naanzia pale. Mengi uliyokuja kuyafanya yalitoka kwenye boti ile.

Mama yako, Rozalia, alikuwa amepanda tena kijijini kumchukua bibi yako ambaye miguu ilikuwa haimbebi. Alisema anakuja. Risasi zikasikika karibu, mwenye boti akasukuma. Baba yako, kaka yangu Telesphory fundi boti, alikuwa amekwisha kufa kabla ya vita, kwa hiyo ulibaki na mimi baba yako mdogo na shangazi yako Agnesi. Ulikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Hukulia. Uliniuliza tu, "Baba mdogo, hii boti inarudi saa ngapi?" Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na kila boti iliyotoka ng'ambo ilijaa watu hadi maji yanachungulia.

Ulikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Lugufu, huku Kigoma, mgongoni kwa Agnesi. Mimi sikukaa, mnanijua, mguu wangu una mchanga. Lakini kila nilipopita nilikukuta kwenye foleni ya unga umeshika bakuli, umenenepa kwa vicheko tu. Ulikuwa unamwigiza yule aliyekuwa akitangaza kwenye spika, watu wanasahau njaa. Tulipotoka kambini, Bi Mwamvua wa Kasingirima, Mmanyema wa Ujiji asiyejua hata majina yetu, alitupa chumba cha uani. Alisema, "Kaeni. Babu yangu naye alitoka huko huko, tofauti ni kwamba yeye aliwahi."

Ni Bi Mwamvua aliyekufundisha sabuni. Mawese, mafuta ya mise yatokayo kwenye kokwa, magadi, na mkono usiochoka kukoroga. Tunakukumbuka ukikoroga huku umefunga kitenge kifuani, moshi machoni, unaongea peke yako kama uko redioni. Ulikuwa huuzi sabuni kimya. Sokoni Ujiji ulimshika mteja mkono, ukamwosha wewe mwenyewe, ukamwambia anuse. Wauza dagaa walikuwa wanakupigia kelele, "We Dainess, umeniosha mimi nikanunua, sasa wateja wangu wanasema dagaa wangu wananukia sabuni!" Nawe ulijibu, "Basi wauzie wanaokwenda harusini."

Kwa mdomo huo, watu wa televisheni walipokuja Kigoma kutafuta vijana wa kuingia kwenye kile kipindi cha Tukae Wote, nani mwingine angechaguliwa? Walikuchukua, ukapanda treni kwenda Dar es Salaam kuishi kwenye nyumba yenye kamera kila kona, na nchi nzima inawatazama mnavyokula, mnavyogombana, mnavyolala.

Kabla hujaondoka uliniambia mimi peke yangu jambo moja.

"Baba mdogo, picha za dishi zinavuka ziwa bila boti."

"Eeh. Na zikivuka?"

"Mama akiniona?"

Nikakwambia mama yako alikuacha mtoto, hawezi kukujua. Ukanionyesha meno. "Nina mwanya wa baba. Atanijua. Ila nikae hadi mwisho. Siku ya mwisho inaonyeshwa mpaka Kongo na Burundi, ndiyo nitakayomwita." Ukaniomba nisimwambie Agnesi. Yeye alikuwa amekwisha kumhesabu Rozalia na marehemu, na alikulea kama wake. Hukutaka aone kwamba unatafuta mama mwingine. Nikanyamaza, nikaenda zangu Kirando kwenye kazi ya boti.

Sasa hapa, mwanangu, ndipo kwenye kile kituko ambacho ulikuwa unakisimulia hadi unashika mbavu, na leo tunakirudisha kwa ajili yako.

Televisheni ilikuwa moja tu uani kwetu, ya Bi Mwamvua. Jioni watu wanajaa sebuleni, wengine dirishani. Agnesi alikaa mbele kabisa, kwenye kigoda. Siku za mwanzo alipiga makofi kila ukitokea. Halafu akaanza kutazama vitu vingine.

"Huyo anayeongea kwenye spika ni nani?"

"Ndiye mwenye nyumba," Bi Mwamvua akamwambia.

"Mbona haonekani? Na wa kule kambini hatukumwona sura." Akasogeza kigoda. "Na ule si ukuta? Wanatoka saa ngapi?"

"Hawatoki, Agnesi. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Na wanapimiwa unga?"

Kweli mlikuwa mnapimiwa unga. Mkishindwa jaribio la wiki, mnakosa chumvi na mafuta. Asubuhi mnapangwa mstari, mnahesabiwa, kila mtu ana utepe mkononi wenye namba. Agnesi aliinuka, akasimama katikati ya sebule akiwaziba watu wote.

"Mchezo gani wa kumnyima mtu chumvi? Mchezo huo mimi nimeucheza miaka, na huyo mtoto nilikuwa naye mgongoni. Nani amemrudisha kambini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Na wale waliowahi kuishi kambini, nao Kasingirima hawakuwa wachache, wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Kila wiki watazamaji walikuwa wanatuma kwa simu jina la mtu anayetakiwa kutoka. Nchi nzima ilimtuma yule inayemchukia. Agnesi aliuliza mara mbili ahakikishe ameelewa: anayetajwa sana anafunguliwa mlango? Akaambiwa ndiyo. Kesho yake alifunga kilemba, akaenda sokoni.

"Mnampenda Dainess wangu?"

"Tunampenda, mama!"

"Haya. Toeni simu, mwandikeni atoke."

Muuza migebuka mmoja akamwambia, "Shangazi, akitoka atakosa zawadi!"

"Zawadi ataila akiwa mifupa? Umemwona shingo? Andika, we bwana, acha kunijibu na mkono una magamba."

Akapita Ujiji yote hadi mwaloni kwa wavuvi. Akapita Rusimbi, akasimama nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Bi Mwamvua naye, aliyeanza kwa kubisha, alikwenda kuwaeleza wazee waliokaa nje ya msikiti. Vijana waliojua mchezo walijaribu kueleza kwamba mtu akipendwa haachiwi kutoka. Waliambiwa wao hawajawahi kuhesabiwa asubuhi.

Ukatoka wiki ile ile. Yule mtangazaji alikuwa amechanganyikiwa. Alikwambia mbele ya nchi nzima, "Dainess, kura zako karibu zote zimetoka Kigoma, kwenu. Umewakosea nini?" Wewe ukafikiri kidogo, ukaangua kicheko. "Hawajakosewa. Huyo ni shangazi yangu. Ameona sili." Halafu machozi yakakutoka, na sebuleni kwa Bi Mwamvua wote walishangilia wakidhani ni ya furaha.

Kila anayetoka alipewa dakika ya kuwashukuru wenye matangazo. Hukuwashukuru. Ulitazama kamera, ukaacha Kiswahili cha Dar es Salaam, ukaongea kile cha kwetu ng'ambo.

"Mama Rozalia, muke wa Telesphory fundi wa maboti wa Mboko. Ni miye Dainess. Sikukufa mu maji. Niko Ujiji, Kasingirima, kwa shangazi Agnesi, amenilea muzuri. Ukifika Kibirizi uliza mutu yeyote, mwambie unatafuta Dainess wa sabuni."

Mtangazaji alitaka kukuuliza, wakakata, wakaweka tangazo la soda.

Bi Mwamvua alikuwa akisimulia kwamba Agnesi alikaa chini, kigoda kiko kule yeye kakaa huku. Alichosema ni kimoja: "Kumbe alikuwa na kazi mule ndani. Nimemkatiza kazi yake."

Ulipofika na treni, watu walijaa stesheni na ngoma. Agnesi hakwenda. Alijifungia chumbani. Uligonga wewe mwenyewe.

"Shangazi, fungua. Mbona umenitoa?"

"Ulikuwa unakonda."

"Niliambiwa nikonde, nguo zao ni ndogo."

"Wangekupa nguo kubwa. Nimekuharibia, mwanangu. Sasa mama yako atakuonea wapi?"

"Ndugu zangu walionitoa wamenipa dakika niseme. Huko ndani sikuwa na uhakika wa kufika mwisho. Fungua basi, nina njaa."

Akafungua. Hukumwonyesha kinyongo siku ile wala baadaye, na tukikukumbuka kwa lolote, tukukumbuke kwa hilo.

Televisheni ilikupa jina, na jina ukalifanyia kazi. Ulirudi kwenye masufuria, safari hii na wanawake wenzako, wa hapa na wa ng'ambo, bila kuuliza nani katoka wapi. Sabuni ikawa na karatasi yenye picha yako unacheka, mwanya nje. Ilifika Kasulu, ikafika Tabora, ikavuka ziwa. Mtaalamu mmoja wa matangazo alikuambia picha ingependeza mdomo ukiwa umefungwa. Ulimwambia hiyo si picha ya kupendeza, ni ya kutafutia mtu.

Wakaja akina Rozalia, wanawake waliodai kila mmoja kwamba ndiye mama yako. Kila boti ya Kongo iliyotia nanga Kibirizi ilishusha Rozalia wake. Mmoja alikuwa kijana kuliko wewe. Mwingine alisema alikuzaa Lubumbashi. Erasto, mume wako, aliyekuwa bado mchumba, alitaka kuwafukuza. Ulikataa. Kila mmoja ulimkalisha, akala ugali na migebuka, ukamsikiliza aliyempoteza yeye, ukamfungia sabuni, ukamsindikiza. Usiku hukulala vizuri siku hizo, tulikusikia unageuka.

Yule wa kweli hakutumwa na televisheni. Hakuwa nayo. Mchuuzi wa vitenge alimfikishia habari huko ng'ambo, mjini Baraka, naye mama yako hakuamini, akakaa nayo mwaka mzima. Alikuja mchana, wewe unakoroga. Alisimama mbali na moto, mwanamke mwembamba na kikapu.

Mlitazamana. Akasema, "Fungua kinywa."

Ukafungua. Akatazama mwanya ule kwa muda, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyoihama.

"Weye nilishakulilia," akasema. "Walisema boti ile ilizama. Tulikaa matanga yako, tukanyoa, tukamaliza. Sasa nitakufanya je?"

Ukamwambia, "Nikorogee hii, mama, isiungue, nikalete kiti."

Akakoroga. Aliweka kikapu, akashika mwiko. Agnesi alitoka ndani, akawakuta, akarudi jikoni kuongeza unga kwenye sufuria. Alikaa huko hadi Rozalia alipomfuata.

Mlipata miaka kadhaa, nyie watatu, na Angela wako akazaliwa katikati ya miaka hiyo, akawa na bibi wawili wa kumharibu. Ulianza kuchoka ukipanda kilima cha Mwanga. Ukasema ni moshi wa sabuni. Ulipokubali kwenda hospitali, daktari alisema moyo umekuwa mkubwa na hauna nguvu. Ulimtania kwamba moyo mkubwa unajulikana kwenu. Hukumaliza masika.

Siku ya msiba wako watu walijaa kuliko siku ile ya stesheni. Wanawake walipoingia kutoa pole hawakujua wamwendee nani kwanza, aliyekuzaa au aliyekulea. Agnesi alikuwa amejiweka mlangoni kwenye vyombo, anajifanya ana kazi. Rozalia alisogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi ya kichwani kwako.

"Agnesi, yaya, dada yangu, njoo ukae hapa. Miye huyu nilimlilia zamani nikamaliza, na Mungu akaniazima tena. Weye hujapata kumlilia hata siku moja. Anza."

Agnesi akaenda, akakaa, akaanza, nasi tukamfuata.

Dainess, wanaokukumbuka ni hawa, na hali zao ni hizi. Mama yako Rozalia amerudi Mboko, analima muhogo, huja Ujiji maji yakiwa matulivu. Shangazi yako Agnesi yuko Kasingirima, magoti yanamsumbua, televisheni hatazami. Bi Mwamvua alifariki mwezi wa Shaabani, akazikwa Ujiji. Mume wako Erasto anaendesha kazi ya sabuni na wanawake wale wale, isipokuwa wawili waliorudi kwao Burundi. Hajaoa. Mwanao Angela ameanza shule Rusimbi, meno ya mbele yameng'oka, bado hatujui yatarudi vipi. Kipindi cha Tukae Wote kimefutwa. Mimi baba yako mdogo Selestini niko Kirando kwa sasa.

Tunakutaja kila siku, na tutaendelea kukutaja. Ibada itakuwa Jumamosi asubuhi nyumbani Kasingirima, chakula kipo.