Kabla Lornah Hajaletwa Kwangu

Jumanne, 2 Agosti 1994

Majibu ya damu yamerudi kutoka Nairobi. Daktari hakuzunguka: mayai yangu yamekwisha. Miaka thelathini na moja! Si chira ya kuvunja mwiko, si kulogwa, si zile tembe za kuzuia mimba ambazo mama mkwe anaapa nilimeza nikiwa shuleni. Wakati mwingine hali hii hutembea katika ukoo, amesema. Kama nina dada, apimwe mapema, huenda bado ana muda. Upande wa mama kuna wengine? Jibu liko kwa Mama. Nitalipata.

Jumatano, 3 Agosti

Mume wangu Zadock amenisikiliza, akamaliza ugali, akanawa. Kisha ndio ananiambia — wazee wake wameshaongea na kwetu. Mdogo wangu Lornah aletwe, awe mke wa pili, anizalie. Jumamosi wanaenda kwetu Kombewa. Desturi iko, sikatai. Lakini damu yetu si ni moja? Nimemwambia hivyo. Ati daktari hajui mambo ya boma. Bwana huyu! Nimekasirika mpaka nikaunguza kola ya shati la mteja kwa pasi.

Ijumaa, 5 Agosti

Kombewa, kwa Mama. Nimemuuliza mara tatu. Mwishowe, huku anachambua dagaa wa omena, bila kuniangalia: dada yake Dorca aliacha kuona mwezi akiwa na miaka ishirini na nane. Akarudishwa kwao. Na mama yao mdogo, hivyo hivyo.

Alijua. Miaka tisa nimenyweshwa majani, nimeombewa, nimetukanwa sokoni, na Mama alijua. Ati angesema, nani angenioa? Nimelia nyuma ya jiko, nikanawa uso. Lornah ana ishirini na tatu. Kesho nampeleka kwa daktari Kisumu, wazee waje wasije.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimejifungia chumbani na Lornah, nikamweleza yote. Hakushtuka. Hajaona mwezi tangu Krismasi, na hajamwambia mtu.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikubali kuolewa?

"Kwa nani mwingine, dada? Wengine watanifukuza. Wewe hutanifukuza."

  Naandika nimekaa kitandani kwake. Wazee wameshaingia uani, viti vinaburutwa. Miezi minane si miaka. Daktari yuko mpaka saa saba. Mama anagonga mlango, Lornah atoke asalimie wageni. Nimemwambia Mama asubiri.

Anagonga tena. Lornah ameinama chini ya kitanda, anatafuta kiatu cha pili, tuondoke kwa daktari.