Mume Wangu Ametia Sumu kwenye Maboga

Shangazi Tabu, shikamoo. Nakuomba unijibu haraka, kwa sababu tangu juzi sili wala silali, na kila mtu akibisha hodi nadhani amekuja kuniambia kuna msiba.

Mimi na mume wangu Brighton ni wakulima huku Hombolo, tuna karanga na mizabibu kidogo, na nguruwe pori wanatumaliza, wanafukua karanga kama vile wamezipanda wao. Wanatoka kwenye kichaka cha Mzee Cornel, ambaye shamba lake limepakana na letu ila yeye anaishi Miyuji, na kila tukimwomba akifyeke au aruhusu watu waingie kuwafurusha anasema hataki mbwa na mikuki ya watu kwenye eneo lake, na kwamba nguruwe hawana hati, leo wako kwake kesho kwetu. Kwenye mkutano wa kijiji afisa wanyamapori alitushauri tuombe kibali tuwawinde kwa pamoja, wengi wakakubali, lakini Brighton akanyanyuka akaondoka, akasema hawezi kumsubiri Cornel mpaka karanga ziishe.

Juzi nikamkuta nyuma ya nyumba amejifunga mifuko ya plastiki mikononi, anapasua maboga na kuyatia sumu ayapange kandokando ya kichaka. Nikamuuliza, je, mbuzi wa Batuli? Batuli ni jirani yetu, mama aliyetokea Kondoa, ndiye aliyenikimbiza zahanati mimba ilipoharibika. Brighton akanijibu, "Afunge mbuzi wake. Na wewe ukifungua mdomo, ujue umenipeleka jela."

Sasa leo asubuhi nimesikia kuna nguruwe ameonekana amekufa upande wa bwawani, na vijana wameenda na visu. Nikisema namfunga mume wangu, nikinyamaza sijui nitamzika nani. Nifanyeje?

Elieth, Hombolo

Elieth mwanangu, marahaba. Majina yenu nimeyabadilisha. Ujumbe wako sikuuweka kwenye foleni ya gazeti, nilikupigia palepale nikakuambia ukimbie kwa mtendaji wa kijiji kwanza, kulia baadaye. Nawaeleza wasomaji yaliyofuata kama ulivyonisimulia.

Vijana walikuwa wameshamchuna yule nguruwe, mmoja anatafuta kuni. Mtendaji akawazuia, mzoga ukafukiwa shimo refu. Kisha ukaenda kwa Batuli. Hakukugombeza. Aliingiza mbuzi zizini, akafunga, akakuambia, "Ungekuja juzi ningekushukuru. Leo nasema tu nimesikia."

Maneno hayo yamekuchoma, na yakuchome. Siku mbili nzima ulijua mbuzi na watoto wa watu wanapita pale, ukakaa unapima ndoa yako. Hofu yako naielewa, mwanangu, lakini mume anayekuambia uchague kati yake na uhai wa jirani amekuonea, na ulipaswa kumwambia hivyo akiwa bado ameshika kisu.

Naye Brighton, uchungu wa kupanda karanga ukavuna maganda naujua, nami nimelima. Ila sumu haichagui mdomo. Umeniambia alipoitwa na mtendaji alikwenda mwenyewe kuwaonyesha alipoyaweka maboga, ingawa hasemi nawe. Hilo nalihesabu upande wake. Sheria ikimwuliza, ajibu, nawe usimfiche wala usimkimbie.

Na wewe mwenye kichaka uliyeko mjini, unajijua. Ardhi ni yako, hakuna anayebisha. Lakini usiwafugie wenzako njaa kisha ukadai heshima ya mpaka. Elieth, mwende kwake na mtendaji na afisa wanyamapori, mumwamkie, mumpe siku ya kufyeka na siku ya msako. Akikataa, baraza la kata lipo.

Hayo ni ya wiki ijayo. Umeniambia maboga yameokotwa yote, isipokuwa moja. Usiniandikie tena kuuliza kama Brighton atakusamehe. Piteni nyumba kwa nyumba, wewe na yeye, mseme wazi kwa vinywa vyenu, na mbuzi wasitoke, na mtoto asiokote kitu shambani, mpaka hilo boga lionekane.