Samaki Ambaye Mgeni Hakumgusa

Mshangano, Songea
Jumatatu jioni

Dada Nyanjura,

Kabla sijakuamkia nina ombi. Simama kwanza uangalie kama mlango wa chumba chako umefungwa. Najua barua zangu zinavyopokelewa hapo nyumbani: Baba anaketi, Bibi anaitwa kutoka jikoni, watoto wananyamazishwa, nawe unasoma kwa sauti. Hii usiisome hivyo. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi nyingine fupi, yenye salamu na habari za baridi ya huku. Hiyo ndiyo ya kumsomea Baba. Hii ni yako peke yako. Usimwonyeshe hata Shemeji. Ni mtu mwema, lakini akikaa na Baba hawezi kuficha jambo usoni. Ukimaliza itie motoni. Nakuomba sana, neno hata moja lisitoke.

Sasa shikamoo, Dada. Je, hamjambo hapo Musoma? Goti la Bibi limepata nafuu, au bado anapanda kilima kwenda kanisani kwa ubishi? Na kikohozi cha mtoto kimekwisha? Uliniandikia kwamba cherehani inakata uzi. Natumaini umempata fundi anayeijua. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sijaugua tangu msimu wa tumbaku uanze.

Lakini moyo, Dada, sijui nisemeje. Huku watu ni wapole na hawajanikosea. Asubuhi wananisalimia kwa Kiswahili, kwa heshima, kisha wakigeukiana wanaendelea kwa Kingoni na kucheka, nami nabaki nimesimama na tabasamu langu kama mtu aliyesahauliwa na gari. Jumapili nakaa benchi la nyuma kanisani. Nikirudi nawasha redio, si kwa kuisikiliza, bali chumba kiwe na sauti. Nina sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Nilinunua hivyo nilipofika nikidhani vingine nitanunua watu wakianza kunitembelea.

Habari yenyewe ni ya ofisini. Unajua chama chetu cha ushirika ndicho kilichokuwa kinanunua tumbaku yote ya huku. Sasa biashara imekuwa huria. Wanunuzi binafsi wanakuja na magari yao mpaka Namtumbo, wanapima marobota shambani kwa mkulima na kulipa papo hapo. Kwetu mizani imeanza kushika vumbi. Ikasemwa kwamba makarani watapunguzwa. Mkuu wetu, Mzee Komba, akaitwa kwenye mkutano wa wakubwa, akarudi. Alipita kati ya meza zetu akiwa na kofia mkononi, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tangu siku hiyo tukamwogopa. Sisi makarani vijana ndio wa mwisho kuajiriwa, na kila mtu alijua nani huanza kutolewa.

Mimi hasa sikuwa nalala. Nilikuwa namwona Baba siku ile aliposimama nje ya kanisa akiwaambia watu, "Mafuru wangu ameajiriwa, ana meza na kiti chake." Nikawa najiuliza, nitarudi vipi hapo na sanduku langu?

Ijumaa, tulipokuwa tunafunga madirisha, Mzee Komba akasimama mezani pangu.

"Mafuru, wewe unakaa Mshangano, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Jumapili baada ya misa nitapita hapo kwako. Nione unaishije."

Nikasema karibu sana, mzee. Wenzangu walisikia. Mmoja akaninong'oneza kwamba mkubwa hafuati mtu nyumbani ila kwa jambo moja. Mwingine akasema hapana, mpikie vizuri, labda atakuacha. Nikaliamini hilo la pili kwa sababu nililitaka.

Ndipo nikakukumbuka wewe, Dada. Nikakumbuka ulivyorudi kutoka mafunzoni kwa masista na kile chakula chako cha sufuria moja: sato mzima juu ya mboga, mfuniko, makaa juu na makaa chini, hakuna kukoroga. Nilisema moyoni, chakula hicho kitamwonyesha mzee kwamba mimi ni mtu aliyelelewa.

Jumamosi nikaenda sokoni. Sato hapa hayupo, lakini lori la samaki lilikuwa limefika kutoka Mbamba Bay, nikachagua mbasa mmoja mwenye macho maangavu. Mama muuzaji akaniuliza, "Mkeo anampikaje?" Nikasema sina mke, napika mwenyewe. Akawageukia wenzake akasema kitu kwa lugha yao, wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa khanga. Lakini aliniongezea ndimu. Nikanunua viazi, karoti, vitunguu, nyanya, na pilipili hoho.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza ili niwahi kurudi. Nikakaa uani na jiko langu. Mama Kapinga, mwenye nyumba, akatoka na ungo wake wa mahindi, akanitazama ninavyomenya.

"We karani, karoti unaimenya au unainyoa ndevu?"

"Namenya, Mama."

"Kwa uangalifu wote huo? Nani anakuja, Askofu?"

Nikamwambia ni mkubwa wangu wa kazi. Akaacha kupepeta. "Komba? Yule Komba wa tumbaku? Haya, kazi unayo."

Nilimkwangua samaki magamba, nikamtia chumvi, ndimu na kitunguu saumu mpaka ndani ya tumbo, nikamchanja mbavuni kama ulivyonifundisha. Viazi nikavipanga chini, vyembamba, juu yake karoti na vitunguu, kisha nyanya, mafuta ya alizeti, kisha yeye mwenyewe juu. Hakuenea. Mkia ukasimama nje. Sikutaka kumkata, maana mgeni mwenye heshima hupewa samaki mzima, basi nikamkunja kama mtu aliyelala kwenye kitanda kifupi, nikafunika, nikaweka makaa juu ya mfuniko. Baada ya muda harufu ikaanza kutoka, Dada, na kwa kitambo kidogo niliacha kuogopa. Ilikuwa harufu ya ua wetu kabisa. Nikasogeza kigoda karibu na jiko, nikakaa nikiinusa kama mjinga.

Mzee Komba akabisha hodi akiwa na koti lake la misa. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamnawisha mikono. Nikaleta sufuria nzima nikaiweka juu ya kigoda mbele yake, nikafunua. Nyanya zilikuwa zimeyeyuka zikawa mchuzi mzito, na ngozi ya samaki imekauka rangi ya dhahabu.

"Aa," akasema. "Hii kazi ya nani?"

"Yangu, mzee. Karibu."

"Asante."

Nami nikafanya kama Baba alivyotufundisha: anayemtengea mkubwa chakula hali naye, husimama pembeni mpaka mgeni ashibe. Nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mzee hakula.

Aliangalia samaki, akaangalia dirisha. Akaniuliza kuhusu baridi. Nikajibu. Akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikajibu. Nikasema tena, "Karibu, mzee, kitapoa." Akasema, "Nimekaribia, kijana," na mikono yake ikabaki magotini. Mafuta yakaanza kuganda pembeni mwa sufuria. Niliwaza: hawezi kula chakula cha mtu anayemfukuza kazi. Basi nimepata jibu langu. Nilitamani alitamke tu aondoke, nikakae chini.

Mara Mama Kapinga akasukuma mlango kwa kiwiko, ameshika sahani ya ugali inayotoa moshi.

"Nimesema huyu mtoto wa watu atamlisha mgeni viazi vitupu! Komba, shikamoo. Kuleni na..." Akaangalia sufuria, akamwangalia mzee, kisha mimi niliyesimama kama mlinzi. "Mbona hamjagusa? We Mafuru, umeonja?"

"Kuonja nini, Mama? Mgeni ndiye aanze."

"Mungu wangu! Onja! Onja sasa hivi, mbele yake!"

Sikuelewa, lakini nilichomoa kipande cha samaki kwa vidole nikatia mdomoni. Mama Kapinga akaweka ugali chini akashika kiuno.

"Huku kwetu mwenye chakula ndiye anayeonja kwanza, mgeni aone. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji. Unamtengea mtu halafu unakwenda kusimama mlangoni unamtazama? Kwani huyo ni ndege wa mtegoni?"

Mzee Komba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akatoa leso.

"Mama, usimgombeze. Mimi nimekaa hapa nasema moyoni, Komba, leo ndiyo leo. Kijana hagusi, ananitazama tu, na ameziba mlango!"

"Mzee," nikasema, "kweli ulidhani nimekuwekea kitu?"

Akaacha kucheka. "Siku hizi nadhani mengi. Tangu nirudi kutoka ule mkutano hakuna anayekaa benchi langu wakati wa chai. Mnaniamkia kama mnavyomwamkia padri wa mazishi. Mtu anayeogopwa namna hiyo, mwanangu, huwa anatazama kikombe chake mara mbili. Njoo ukae. Sili peke yangu tena leo."

Mama Kapinga akatuacha. Nikakaa. Tukala kutoka sufuria moja, tukimega ugali na kuchovya kwenye nyanya. Hujawahi kuona mtu anayekula kichwa cha samaki kwa utaratibu kama yule mzee. Viazi vya chini vilikuwa vimeshika, akavikwangua mwenyewe akasema hivyo ndivyo vitamu.

Alipomaliza kunawa ndipo akaniambia. "Mafuru, jina lako limo. Msimu ukiisha, makarani wote vijana mnaondoka. Na mimi nimo. Yatatangazwa barazani mbele ya watu. Wengine nimewaacha wasikie hukohuko, wanao wake na ndugu wa kulia nao. Wewe nilijiuliza, ana nani? Nikaona nije."

Sikulia, Dada. Nilisema asante, mzee, kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji dukani. Akaendelea kwamba mnunuzi mmoja binafsi huko Namtumbo anatafuta karani wa mizani anayejua hesabu na asiyekunywa, na kwamba amenitaja. Hakuna nyumba, hakuna likizo, hakuna ahadi kwamba mwakani kutakuwa na kazi. Ni mkataba wa mdomo. Nikamwomba nifikiri. Leo asubuhi kabla ya kuingia ofisini nimemwambia nimekubali.

Hapo ndipo penye siri yangu. Unajua Baba anavyowaita watu hao. Kwake bado ni walanguzi, hata sheria ikiwaruhusu. Alipoteza duka la kijiji alilokuwa akilisimamia kwa sababu yao, ndivyo anavyoamini. Akisikia nimetoka kwenye ushirika kwa kupunguzwa, ataumia. Akisikia nimekwenda kwa mlanguzi, hatanitaja tena nje ya kanisa. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama vizuri kidogo. Sasa hivi siwezi.

Na jambo moja nakuambia wewe tu kwa sababu hutanicheka. Mzee alipoondoka nilikaa nikiitazama ile sufuria tupu yenye alama za vidole vya watu wawili, na badala ya kuhuzunika kwa ajili ya kazi, nilikuwa na furaha kwamba nimekula na mtu. Furaha hiyo ilinitisha kuliko habari yenyewe. Nikajua nimekuwa mpweke kwa kiasi gani.

Nisalimie Bibi Nyasinde aliyetulea, mwambie nasali. Nisalimie Shemeji Magesa na baiskeli zake zote anazozitengeneza. Baba mdogo Bwire, katekista wetu, mwambie kwaya ya huku inaimba vizuri lakini polepole mno. Wapwa wangu wabusu, hasa Rehema, aache kuchora kwenye vitabu vya shule. Baba mpe shikamoo yangu. Usiongeze kitu.

Sasa sikiliza vizuri jinsi ya kunipata. Barua za Baba ziendelee kwenda ofisini kama kawaida, kwa jina langu na cheo changu. Mlinzi wa getini ameniahidi atanipokelea. Za kwako usizipeleke huko. Andika "Kwa mkono wa Mama Kapinga, duka la chumvi na mafuta ya taa, Mshangano," na jina langu liwe dogo chini. Yeye huenda Namtumbo kwa ndugu zake mara kwa mara, ataniletea. Kukiwa na msiba au ugonjwa mkubwa, usipige simu ya ofisi. Mwombe paroko wenu awasiliane na parokia ya hapa, wao wanamfahamu Mama Kapinga. Na ukipata nafasi ya kuja mwenyewe, unganisha mabasi mpaka Njombe, ulale hapo, kesho yake uendelee mpaka Songea, uulizie Mshangano. Usisubiri nikualike, Dada. Sitathubutu kualika. Wewe njoo tu.

Mdogo wako,
Mafuru