Bei ya Mwaka Jana

Bwera, Kasese
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia goti lako: je, ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda ngazi za kwa mjomba kwa kusimamasimama? Sisi huku ni wazima. Rukia ameota meno mawili ya chini na anauma kila anachopewa. Mshono wangu wa upasuaji umefunga, ingawa nikibeba ndoo bado unanikumbusha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei. Bibi arusi wetu Mwanaidi ameniambia kwamba ukiona namba yangu unailaza simu kifudifudi na kuendelea kuchambua mchele. Sikulaumu. Dada mkubwa kukosa arusi ya mdogo wake, tena mdogo aliyesema hatavishwa na mtu mwingine ila mimi, si jambo la kusemwa kwa simu likaisha. Naomba tu usome mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika, umkasirikie mwenyewe hasa.

Mwenyewe hasa ni mkweo.

Unamjua Twaha kwa upole wake. Kazi yake pia unaijua: lori linatoa samaki wa chumvi Katunguru na Kasenyi, linawaleta soko la Mpondwe hapa Bwera, Wakongo wanavuka mpaka kuja kununua. Samaki wakipanda bei yeye hana wasiwasi. Anakunywa chai, anangoja, wakishuka ndipo ananunua. Mara nyingi hupatia, na huko kupatia ndiko kulikotuponza.

Mlipotuambia arusi itakuwa mfungo mosi, Ijumaa ya pili baada ya Idi, nilimwambia siku ileile tukate tiketi ya ndege mpaka Dar, kutoka hapo Tanga ni saa chache tu. Kwa basi kutoka huku nisingeliweza, daktari alikuwa amenikataza kukaa kitako safari ya siku kadhaa. Hela ilikuwepo, mama, nataka ulijue hilo. Tukaenda Kasese mjini kwa Kasereka, Mkongomani wa Butembo anayeuza tiketi katika kibanda cha simu karibu na stendi. Ni mtu mstaarabu, Mkatoliki, ametundika rozari kwenye kona ya kompyuta. Akatutajia bei, nayo ilikuwa ya kawaida tu. Mimi nikafungua mkoba nitoe pasipoti.

"Mama, ngoja kwanza," Kasereka akasema. "Niko na kitu ya kuwaonyesha." Akatugeuzia kompyuta, tukaona mstari unaopanda na kushuka. "Hii ni beyi ya ndeke, Entebbe mpaka Dar, mwaka jana muzima. Munaona hapa? Katikati ya mwezi wa tatu ilianguka. Mutu wa akili anangojea."

Twaha akauinamia ule mstari kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wake.

"Baba Rukia, tununue leo," nikamwambia.

"Iko haraka ya nini? Mwaka jana ilishuka. Itashuka."

"Na isiposhuka?"

"Samaki inashuka. Ndege nayo iko na mwenyewe, na mwenyewe anataka kuuza."

Tukarudi Bwera mikono mitupu, na tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa na mazungumzo mengine. Kila asubuhi kabla ya kuwasha lori alikuwa anafungua simu kutazama. Bei ikipanda kidogo, anasema ndivyo ilivyofanya mwaka jana kabla ya kuanguka. Ikitulia, anasema inajiandaa. Nikimwambia viti vinakwisha, anasema mwaka jana navyo vilikuwa vinakwisha. Mama, utabishana vipi na mtu ambaye kila jibu lake liko mwaka jana?

Ramadhani ikaingia. Siku moja nakoroga uji wa futari, jambo likanijia, nikatoka nje na mwiko mkononi. Twaha alikuwa anapaka grisi kwenye lori.

"Mwaka jana katikati ya mwezi wa tatu tulikuwa tunafanya nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Tulikuwa tunafunga."

"Tulikuwa katikati ya mfungo. Nani anasafiri katikati ya mfungo? Ndege zilikuwa tupu, ndiyo maana bei ilianguka. Mwaka huu Ramadhani imetangulia. Katikati ya mwezi wa tatu ndiyo Idi inabisha hodi, kila mtu anakwenda kwao. Bei itashuka vipi?"

Mtu huyu anafunga kama mimi, mama. Ndiye anayesimama nje ya msikiti na wenzake kuutafuta mwezi. Unajua alinijibu nini?

"Lakini kompyuta ilionyesha mwezi wa tatu."

"Kompyuta inajua mwezi wa tatu. Idi haikai mwezi wa tatu, inahama."

Akajifuta mikono. Akasema tungoje siku mbili.

Katika siku mbili hizo bei ilipaa, na hela yetu ya kwenda na kurudi haikutosha hata kwenda tu. Wiki iliyofuata viti vya kabla ya arusi vikawa vimekwisha kabisa. Nilikwenda Kasese mwenyewe na mtoto mgongoni, jua lile la Kasese unalolisikia kwenye nyayo. Kasereka hakuweza kunitazama.

"Mama, unisamehe. Mwaka jana haikufanya hivi."

"Mwaka jana mdogo wangu hakuwa anaolewa," nikamwambia, nikaondoka.

Twaha naye akaja na shauri lake: atandike godoro nyuma ya lori, anipeleke Tanga mwenyewe. Lori la samaki, mama, na mshono ule. Nikabeba nepi za Rukia nikatoka kuzifua. Nilihofia nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo hayarudishwi.

Siku ya arusi nilikaa kwenye duka la jirani yangu sokoni, ambako simu inashika vizuri, tukapiga simu ya kuonana. Nilimwona Mwanaidi. Niliona mikono ya shangazi ikimfunga ukaya kichwani. Mwanaidi akatazama ndani ya simu akasema, "Dada, mbona uko mbali hivyo?" Nikataka kumjibu, simu ikahamia mtandao wa Kongo kama ifanyavyo huku mpakani, ikakatika. Iliporudi ndoa ilikuwa imeshafungwa na nyinyi mnapakua pilau. Nililia mbele ya wanunuzi. Mama mmoja wa kutoka Beni, simjui hata jina, aliweka kikapu chake chini akamchukua Rukia, akambembeleza mpaka nikanyamaza.

Jumatatu yake Twaha akaingia ndani anang'aa uso, simu mkononi.

"Mama Rukia, imeshuka. Si nilikuambia? Imeshuka kupita ya mwaka jana."

Nilikuwa nakunja nepi. Nikamwambia, "Arusi ilikuwa Ijumaa."

Alisimama palepale. Akaitazama simu, akanitazama mimi, na nikauona uso wake unabadilika polepole. Wakati wote ule, mama, alikuwa anakimbizana na bei, na nadhani safari yenyewe ilikuwa imeshamtoka akilini. Akaketi kizingitini na viatu vyake vya kazi. Chai niliyompa ilipoa.

"Mimi niliangalia bei tu," akasema baadaye.

"Najua."

Kesho yake alikwenda Kasese peke yake bila kuniaga, akarudi na tiketi mbili: yangu na Rukia wa kupakata, na yake. Kasereka alimshauri angoje hadi wiki ijayo, eti mwaka jana ilizidi kushuka. Twaha anasema alimwambia, "Kata sasa." Nilipomuuliza bei, akaniambia hakuisikia vizuri.

Barua hii anakuletea dereva wa hapo Tanga aliyeshusha mzigo Mpondwe. Atatutangulia kwa siku chache. Nisalimie mjomba na watu wote wa nyumba yake, bibi mzaa baba, na shemeji yangu mpya ambaye sijamwona ila kwa kisogo. Shangazi mwambie ukaya aliufunga vizuri, na kwamba nilimwonea wivu. Mwanaidi namletea vitenge vya Kongo, na nikifika nitamvisha upya hata kama ni uani, hata kama hakuna wa kupiga vigelegele ila wewe.

Twaha ameniomba nikuandikie kwamba anataka radhi. Nimekataa kumwandikia. Akifika, mama, usimfanyie zile heshima za mkwe. Mpe chai, mweke mbele ya Mwanaidi, na asiinuke mpaka amemaliza kusema.

Mwanao akupendaye,
Salma