Mbavu za Mzee Ireri

Jumatatu, 4 Agosti

Wazee wa Kiambere hawatarudi Mikinduri. Njeru, mchumba wa binti yangu, amesema hivyo kwa simu saa moja asubuhi, nikichemsha chai. Walikaa jana baada ya kanisa, nyumbani kwa Mzee Ireri, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Sababu waliyotoa ni moja: walipewa nyama isiyojulikana ni sehemu gani ya mbuzi.

Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba.

Jumamosi walikuja wazee sita kwetu Mikinduri, kumposa binti yangu Kendi. Mutuma, shemeji yangu, ndiye msemaji wetu tangu mume wangu afariki. Alichinja mbuzi alfajiri. Kwa kawaida hapo kazi ni kugawa: mbavu za msemaji wa wageni, kidari cha wazee wengine, figo za wasichana, kila mtu na chake. Kendi anauza baga mjini Meru, pale Makutano, mwaka wa nne sasa. Alitaka wakwe waonje kazi ya mikono yake. Akasaga mbuzi mzima, mbavu, paja na kidari, katika beseni moja, akatengeneza baga.

Mzee Ireri, msemaji wao, aliinua mkate wa juu, akatazama, akaurudisha. Akauliza, "Hii ni ya wapi ya mbuzi?"

Kendi akajibu, "Ni zote pamoja, mzee."

Hadi wakati huo yeye alikuwa akiongea Kimbeere, lugha ya kwao, na sisi Kimeru chetu, tukielewana. Sasa akageukia Kiswahili. Hapo nilijua mambo yameharibika. Kiswahili ni cha ofisi na cha polisi. Alisema wameshukuru kwa ukaribisho, akachukua kofia yake. Wenzake watano wakamfuata. Hakuna aliyeonja.

Mutuma aliliona lile beseni asubuhi. Hakusema kitu, alikuwa akifunga miraa ya wageni. Mimi pia niliona. Nilisema ni wazo zuri. Hilo liandikwe.

Jumanne, 5 Agosti

Mhariri anataka makala nyepesi ya Ijumaa ya wiki ijayo: watu wa Meru wanapenda baga gani. Sikumweleza chochote. Nilichukua daftari nikaenda kibandani kwa Kendi, kwa kuwa hapo ndipo walaji walipo.

Mwendesha bodaboda: nyama mbili, pilipili ya kijani, bila letusi. Majani anawaachia mbuzi. Karani wa benki: jibini, nyanya, bila kitunguu, maana anaongea na watu siku nzima kwenye kidirisha. Mwalimu: yai juu, liive kabisa. Wafungaji wa miraa wawili kutoka Laare: tomato sosi hadi imwagike. Mdomo wao umekuwa mchungu tangu asubuhi kwa kutafuna miraa.

Kendi anajua haya yote bila kuuliza. Mtu akitokea ng'ambo ya barabara, mkono wake tayari uko kwenye bakuli sahihi.

Habari imeshafika mjini. Yule wa bodaboda alimwambia, "Kendi, wakwe wamekimbia baga? Niletee mimi zilizobaki. Mimi sibagui sehemu." Watu wakacheka. Kendi akamfungia yake na kumpa. Alipogeuka kwenye jiko alikaa amegeuka muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumatano, 6 Agosti

Mutuma amekuja kutoka Laare. Anasema tupeleke mbuzi mwingine Kiambere, mzima, akiwa hai, na maneno machache. Kendi aende apige magoti. Yeye Mutuma hatakwenda kwa sababu ana wanunuzi wa miraa wiki hii.

Aliniambia pia, "Shemeji, miaka thelathini unaandika mambo ya watu. Ya kwako yamekushinda kichwa cha habari."

Alikuwa sahihi.

Alhamisi, 7 Agosti

Njeru alikuja kutoka Embu, anakofundisha. Alikaa na Kendi sebuleni, mlango wazi. Niliyasikia yote.

Alisema anampenda. Alisema pia kwamba Mzee Ireri ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yake kufa, na hataoa kinyume naye. Si mwaka huu, si mwaka mwingine. Alilisema taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

Kendi alisema hataomba msamaha kwa kupika. Angewatukana angeomba. Angewapa makombo angeomba. Alisimama tangu saa kumi na mbili asubuhi akisaga nyama ile kwa mkono, na hakuna aliyefungua mdomo hata kuionja.

Njeru aliondoka bila kunywa chai.

Nina hasira na wazee wale. Nina hasira zaidi na mimi. Mtu wa miaka ishirini na tisa anaweza kutojua. Mimi nimehudhuria posa zaidi ya ninazoweza kukumbuka, nyingine kwa kazi, na nikaliangalia beseni lile nikaona ubunifu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kendi hakufungua kibanda.

Jumatatu, 11 Agosti

Kiambere. Maji ya bwawa yameshuka, mhariri anataka picha na sauti za wakazi. Gari la ofisi lilitoka Meru saa kumi na moja na nusu alfajiri, likapita Embu na Kiritiri, likashuka hadi kwenye vumbi.

Mama wa bibi harusi haendi kwa wakwe bila kualikwa. Najua. Lakini kila mtu niliyemuuliza kuhusu maji aliniambia niongee na Mzee Ireri, kwa sababu anakumbuka yalifika kwenye jiwe gani mwaka gani. Nilikuwa na daftari mkononi. Nilikuwa na sababu. Nisijidanganye: ningeitafuta hata kama isingekuwepo.

Alinipokea kwa heshima. Tuliongea habari ya maji nusu saa. Alikuwa makini na miaka, akajisahihisha mara mbili. Shahidi mzuri.

Mkewe akaleta ugali na mbuzi wa kuchemsha, mbavu juu. Mzee alimwaga mchuzi kwenye ugali wake, akala huo. Mbavu alizihamishia kwenye sahani yangu, moja baada ya nyingine, akisema mgeni ashibe. Nilizihesabu kwa mazoea. Nne. Kwake haikubaki hata moja. Mkewe hakumtazama.

Mke alipotoka na vyombo, mzee aliuliza kwa sauti ya chini, kwa Kimbeere, "Nani aliwaambia?"

Sikuelewa. Nilisubiri, kama ninavyosubiri kazini. Alikuwa ameweka mkono mbele ya mdomo. Nikakumbuka kwamba Jumamosi ile ya posa pia aliuweka hapo, na mimi nikadhani ni uzito wa maneno. Akauondoa mkono kidogo. Juu hakuna jino. Chini yamebaki mawili.

Alidhani tumejua. Alidhani Njeru alitutajia, tukaamua kumsagia nyama kama mtoto, mbele ya wenzake watano ambao hawajui. Wao huona kwamba akipewa mbavu anazifunga apeleke nyumbani kwa mke, na wanamsifu.

Nilimwambia, "Hakuna aliyetuambia. Msichana anauza baga. Ndiyo kazi anayoijua."

Nje kuku waliendelea na shughuli zao. Kisha akasema lile la sehemu bado ni kweli, nisifikiri alilitunga. Mbavu ni zake tangu wazee waliomtangulia walipokufa. Mtu hawezi kuchanganyiwa zake na za kila mtu halafu aambiwe ni zote pamoja. Nilikubali. Nilimwambia kosa hilo ni letu, na langu kwanza.

Akauliza ndani ya baga huwekwa nini. Nilimtajia kama ninavyotaja kila kitu, moja moja. Nyanya hapana, alisema, mbegu zinamsumbua. Letusi hapana. Kitunguu kikaangwe hadi kilegee kabisa. Parachichi ndiyo. Mkate uwe laini, usipitishwe motoni. Alisema yote hayo akitazama ukutani, kama anayezungumzia chakula cha mtu mwingine.

Mlangoni akaongeza, "Na nyama nione ikisagwa."

Jumanne, 12 Agosti

Nilikuwa nimeamua kutosema habari ya meno. Siri ya chanzo ni siri ya chanzo, awe waziri au mkwe. Nilimwambia Kendi mambo mawili tu: mzee anataka mbavu zake zisichanganywe, na anataka baga iwekwe hivi na hivi.

Kendi alikuwa akikunja aproni. Alisimama.

"Bila nyanya, bila letusi, kitunguu kilegee, mkate usichomwe," alirudia. "Mama, huyo hana meno."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Miaka minne kibandani imemfundisha kusoma watu kwa wanachokataa. Ana wateja watatu wa namna hiyo, alisema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtajia meno. Wanasema hawapendi nyanya.

Alikaa chini. Alilia kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Kisha akasema lazima wazee wote wasagiwe, kila mmoja yake peke yake. Akisagiwa mmoja, ameanikwa.

Alifungua kibanda saa nne.

Ijumaa, 15 Agosti

Makala ya baga imetoka, ukurasa wa ndani. Ni sahihi na haina uzito wowote.

Njeru amepiga simu. Mzee Ireri amewaambia wenzake kwamba mama yake Kendi alifika akakiri kosa, na kwamba hilo limetosha. Watakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Njeru anauliza nilimwambia nini. Nilimwambia tuliongea habari ya maji.

Ijumaa, 22 Agosti

Mutuma anapinga. Anasema baga tena ni kumwaga petroli kwenye moto. Nilimweleza kwamba mzee mwenyewe alitaka kuona nyama ikisagwa. Hakuniamini hadi alipompigia. Alirudi ametulia, akanoa kisu.

Usiku sitalala vizuri. Mambo yote yako juu ya mashine moja ya kuzungusha kwa mkono.

Jumamosi, 23 Agosti

Walifika saa tano, wote sita.

Kendi aliifunga mashine kwenye ukingo wa meza, uani, mbele yao. Mutuma alikata nyama wakiona, akitaja kila sehemu kwa sauti. Kendi alisaga ya mzee mmoja, akaosha mashine kwa maji ya moto, akaifuta, akasaga ya mwingine. Ilichukua karibu saa mbili. Hakuna aliyelalamika. Wawili walisogeza viti waone vizuri.

Kisha akawauliza wanataka kuwekewa nini. Mwanzo walisema chochote. Baadaye mmoja akataka pilipili. Mwingine akanusa jibini akasema inanuka ndama. Jirani yake akaionja, akaomba kipande cha pili. Wawili wakabishana kama nyanya hukaa juu ya nyama au chini yake, wazee wa umri huo, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba hajawahi kujua mambo ya kupanga, hata ghala lake linajulikana. Nilikuwa jikoni. Niliweka sufuria chini nikasikiliza.

Mzee Ireri hakuulizwa. Kendi alimtengenezea akamletea kwa mikono miwili. "Mbavu zako, mzee," alisema. Basi.

Aliinua mkate wa juu, kama siku ile. Akatazama. Akala polepole, mkono mmoja mbele ya mdomo. Nilikaa nikimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alimaliza yote. Hakufunga chochote cha kupeleka nyumbani, na kama wenzake waliliona hilo hawakulitaja.

Alifuta mikono. "Mbavu ni mbavu," alisema, kwa Kimbeere. "Sasa tuongee."

Waliongea hadi saa kumi. Kendi akaitwa, akaulizwa kama anamjua kijana wao Njeru na kama anamtaka. Akajibu ndiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisa. Mvua kidogo ya baridi. Kendi amelala mchana kutwa. Nimeosha vyombo vilivyobaki na kurudisha viti vya jirani.

Njeru amesema wazee walifika salama. Anafikiri kilichobadilisha mambo ni kuomba kwetu msamaha. Sikumsahihisha. Sitamsahihisha.

Wanarudi Jumamosi, 6 Septemba, saa nne asubuhi, kutaja siku ya harusi. Mutuma ataleta mbuzi Ijumaa jioni.