Mlevi wa Ukoo wa Rogelj

Jumatatu, 4 Februari 2019
Nimejaribu ufunguzi wa hotuba ya mkutano mkuu wa chama chetu cha wafugaji nyuki: Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, wazee wa chama, wafugaji nyuki wenzangu. Hapo nikakwama. Bibi Cilka Rogelj nimweke wapi?

Alikuja asubuhi, akakataa kuketi. Amesikia kwamba chama kitabandika ile picha kwenye chupa za asali, na chini yake maneno "Rogelj Mlevi".

"Mwenyekiti, babu wa babu yangu hakugusa hata divai ya altare. Mjukuu wangu haendi shule wiki ya kanivali, wanamwigizia kupepesuka. Niambie tu, nani alisema yule ni wa kwetu?"

Nikaliandika swali lake. Picha imechorwa kwenye ubao wa mbele wa mzinga wa kale, uliotoka katika banda lao. Mwanamume nusu uchi ameketi juu ya lundo, mke anamfokea, wawili wanapuliza zumari. Kijiji husema ni Rogelj, amelewa siku ya arusi yake. Na kila kanivali, sherehe ya vinyago kabla ya Kwaresima, Drago, seremala wetu, huvaa matambara na kumwigiza, chupa mkononi.

Lebo zitapigiwa kura tarehe 23. Kabla ya hapo nitakuwa nimejua.

Alhamisi, 7 Februari
Maktaba ya mji wa Kranj. Asubuhi nzima katika kamusi ya wachoraji — bure. Ubao hauna sahihi.

Neža, mkutubi, alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, unamtafuta mchoraji, naye hakuacha jina. Anza na alichokichora. Mtu, lundo, mke, zumari."

Akaniletea kamusi ya alama za sanaa ya kanisa, nzito kama mzinga wa Agosti uliojaa asali. Aliyeketi uchi juu ya samadi, mkewe akimlaumu, wapiga zumari kando yake: Ayubu. Yule yule wa subira.

Nilikwisha kuvaa koti. Neža akaweka kiganja juu ya kitabu. "Huyo ni shahidi mmoja. Utakwenda barazani na shahidi mmoja?" Mwishoni mwa makala wametaja vitabu vingine. Nimenakili majina ya vyote.

Jumatano, 13 Februari
Katalogi ya mbao za mizinga zilizochorwa, bonde kwa bonde. Mtu yule yule, lundo lile lile, zumari zile zile — katika mabonde ambako hakuna Rogelj aliyewahi kuishi.

Kisha ensaiklopedia ya ufugaji nyuki. Wahenga wetu walimwomba Ayubu ailinde mizinga, kwani walisimulia kuwa funza wa vidonda vyake waligeuka nyuki. Siku hizi tunamheshimu Mtakatifu Ambrosi, na Ayubu tumemsahau. Kina Rogelj walimweka msimamizi wa nyuki mlangoni pa mzinga. Sisi wafugaji nyuki tukamvika ulevi.

Jumapili, 17 Februari
Baada ya misa nilimweleza Drago.
"Ayubu hachekeshi mtu, mwenyekiti. Sasa mimi nitavaa nini?"
"Vaa subira," akadakia mkewe. "Hujawahi kuwa nayo."
Watu wakacheka. Drago hakucheka.

Jumamosi, 23 Februari
Ukumbi wa zimamoto. Naandika hapa hapa mezani.

Nilianza hivi: Bibi Cilka Rogelj, Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, wazee wa chama, wafugaji nyuki wenzangu. Meya aliinua nyusi. Sikurekebisha.

Sikuhubiri. Nilipitisha vitabu vitatu mkono kwa mkono, kurasa zikiwa wazi. Kisha nikasema: lebo zisichapwe. Ubao uandikwe jina la Ayubu. Mlevi asitoke kanivali hii wala nyingine. Na kesho baada ya misa chama kizima kiende mlangoni kwa Bibi Cilka kumwomba radhi. Anayeafiki na ainue mkono.

Baba Paroko ameinua. Wazee wawili wameinua. Meya anahesabu wengine kwanza. Safu za nyuma zote zinamtazama Drago.

Drago ameivuta katalogi karibu. Anafunua ukurasa wa bonde moja, anafunua wa jingine. Mikono yake yote miwili ingali kitabuni.